Aliyemkana Shangazi Sokoni

Kila Jumamosi, vikombe vya chai vikishaoshwa, binti alichukua kikapu akamsubiri shangazi yake mlangoni. Kusubiri kwenyewe kulikuwa kazi. Shangazi alilalamikia jua, akalalamikia kandambili zake, akalalamikia hata kikapu, kwamba kimekaa kama tumbo la mlafi. Zamani aliuza nyanya katika soko lilelile. Kisukari kilipomla kidole cha mguu, meza yake ikachukuliwa na mwingine, na tangu hapo ulimi wake ukawa pilipili. Daktari alikwisha kuonya kwamba kidonda kile kisichopona kikiingia uchafu, mguu utakatwa. Kwa hiyo alitembea ameshika bega la binti, naye binti akimwonyesha pa kukanyaga.

Jumamosi moja, sokoni shangazi hakuambilika. Alipindua nyanya zilizopangwa vizuri akitafuta za chini, na muuzaji alipolalamika, akamwambia kazi haijui. Mama yake binti alikuwa ameagiza mchicha. Shangazi akasema mchicha ule hata mbuzi angeomba udhuru. Watu wakacheka. Binti alitamani ardhi ipasuke immeze.

Penye vitunguu wakakutana na wasichana wawili wa darasa lake. Mmoja akauliza, "Huyo bibi mkali ni wenu?"

Binti akalitoa bega lake taratibu, kama anayeinama kuchagua vitunguu. "Simjui," akasema. "Amenishika tu."

Shangazi alisikia. Aligeuka akaenda zake, akipapasa meza za watu.

Binti alinunua vilivyobaki haraka haraka, kwa raha yenye mchanga ndani yake. Alipomaliza, shangazi hayupo. Alimkuta nyuma ya mabanda ya kuku, amekaa juu ya kreti, kandambili moja imemezwa na tope, bendeji imekuwa nyeusi na damu inachuruzika.

"Twende zahanati, shangazi."

"Nenda na mtu unayemjua."

Binti alinunua maji ya chupa kwa muuza kuku, akapiga magoti, akaosha mguu ule huku machozi yakimtoka. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya soko, na njia ilikuwa moja tu, ile ya vitunguu. Akamwinua, akauzungusha mkono wa shangazi shingoni mwake. Wale wasichana walikuwa bado pale.

"Tupisheni," akawaambia. "Huyu ni shangazi yangu. Nilisema uongo."

Shangazi alimnong'oneza kwamba asijisifu, uongo wake ulishatangulia kufika.

Muuguzi alisafisha kidonda, akasema mguu umeponea chupuchupu kwa kuwa umewahiwa. Akaagiza mgonjwa asikanyage chini wiki nzima.

Jioni binti alimpelekea shangazi chakula kitandani. Shangazi alikula, akasema kimepoa, akageukia ukuta. Binti alirudi jikoni analia, akamsimulia mama yake yote, tangu mwanzo.

Mama hakumchapa, wala hakumbembeleza. Aliendelea kukoroga sufuria, kisha akasema, "Ndugu si nguo, mwanangu, uvae ukiwa na raha na kuvua ukiona haya. Ukali wa shangazi yako ni maumivu, na maumivu yake tunayajua wote nyumbani humu. Umemkana mbele za watu, na neno likishatoka halimezeki tena. Usidhani sahani moja ya chakula itakusafisha. Kesho mpelekee tena, na kesho kutwa, hata akinuna."