Chini ya Sakafu ya Mbao

Rafiki yangu Marjan, seremala wa Jinja, aliitwa Mbale mwaka 1954 kukagua nyumba kongwe ya mbao ambayo serikali ilikataza isibomolewe.

“Ukikosea, fundi, paa litatuangukia mimi na watoto wangu,” alisema Zaituni, mtunzaji wa nyumba.

Marjan akatambaa chini ya sakafu, gizani mchana kweupe, akigonga nguzo moja moja kwa nyundo. Nguzo nzima hulia kavu, iliyooza hulia kama ngoma. Ya mwisho ikalia kama ngoma. Akaigonga tena mara tatu, nayo ikajibu mara tatu.

“Zaituni, acha utani huko juu.”

“Niko uani naanua nguo, bwana,” sauti ikaitika kwa mbali.

Mlio wa kugonga ukahamia nguzo ya pili, kisha ya tatu, polepole, mpaka penye tundu alimoingilia. Hapo ukanyamaza.