Filamu Mbili Kwenye Kibanda cha Dzombo

Jua lilikuwa linazama nilipotoka dukani kwenda kuchukua filamu zangu. Ni mwendo mfupi, kutoka duka langu la mabati hapa Marafa hadi nyuma ya boma la mjane Kadii. Nilikuwa na haraka, tena nimenuna, kama nilivyokuwa siku zote nikipita katikati ya watu niliowaona hawajui lolote.

Niseme kweli, sikumhesabu mtu. Mimi Haridas, mzaliwa wa Malindi, mwaka ule wa 1912 nilikuwa na kamera ya Kijerumani ya mti wa msaji na shaba. Lenzi yake ilikuwa kali hata ungeweza kuhesabu kope za mtu kwenye picha. Wapiga picha wengine wawili wa Malindi walihangaika na masanduku yaliyovuja mwanga pande zote. Kwenye picha zao, bibi harusi na gunia la mahindi huwezi kuwatofautisha. Niliwacheka barazani, mbele ya wateja wao.

Lakini kamera iwe bora namna gani, filamu ni kama maziwa, joto huiharibu. Filamu ambayo haijatumika hutaka baridi, ukavu na giza. Mabati ya duka langu yaliniunguzia tatu, zikaingia ukungu mweusi kabla sijazigusa. Zikabaki mbili tu, na meli ya kuniletea nyingine ilikuwa bado miezi.

Na mama yangu, Chanchalben, alikuwa anarudi Bara Hindi kwa kaka yangu Kanji, akamalizie siku zake alikozaliwa. Alikuja Marafa kuniaga. Hakuwahi kupigwa picha hata moja maishani mwake. Mwana ana kamera bora kuliko zote pwani, na picha ya mama yake hana! Aibu iliniuma. Nilijua sitamwona tena, na niliitaka picha ile kuliko kitu chochote duniani.

Palikuwa na mahali pamoja tu penye baridi. Kilikuwa kibanda cha makuti chini ya mikwaju, alichojengewa marehemu Dzombo, mumewe Kadii. Ndani kilisimama kigango chake, ule ubao wa kuchongwa ambao Wagiriama humsimamishia mzee aliyekufa ili koma lake, yaani roho yake, lipate pa kukaa. Wanasema marehemu huwajia watoto wake ndotoni akilalamika kuwa hana nyumba. Niliposimuliwa hayo nilicheka hadi nikakohoa.

Kadii hakuninyima nafasi. "Weka, mwanangu," aliniambia. "Lakini umwage tembo la mnazi kidogo, umwambie wewe ni nani na umeweka nini. Na siku ya kutoa, umwambie kwamba unatoa. Nyumba ya mtu haiingiwi kimyakimya."

Nilimjibu, "Haya, mama." Sikufanya hata moja. Nilizizungushia filamu zangu mchele uliokaangwa, ili unyonye unyevu, nikazifungia ndani ya debe la bati. Wakati nikipanga, nilitundika koti langu juu ya kigango. Nizungumze na ubao, mimi?

Jioni ile, basi, nikainama na kuingia kibandani. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi mitatu, lakini ndani mlinuka udongo uliolowa. Nikapapasa gizani, nikalipata debe.

"La nani hilo?"

Nikashtuka. Kwenye kona aliketi mzee, shuka nyeupe begani, mikono juu ya magoti. Nilimdhania ni jamaa wa Kadii, mmoja wa wale wazee wa kuombaomba tumbaku. Sikumwamkia.

"Langu."

"Ndani mna nani?" alinong'ona.

"Hamna mtu. Filamu tupu."

"Tupu... zote mbili?"

Sikuwa nimemwambia ni mbili. Nilidhani amechungulia tu, kwa sababu niliwaona watu wale kuwa hawana kazi ila kuchungulia.

"Zote mbili tupu. Hakuna aliyezigusa."

"Na humo mna utulivu?"

"Mna baridi, mna ukavu, mna giza. Huwezi kuelewa, mzee."

"Naelewa..."

Nikatoka. Sikumwaga tembo, sikuaga. Njiani debe lilikuwa zito, nikalibadilisha mikono mara mbili.

Asubuhi nilimkalisha mama kwenye kiti mbele ya duka, kwenye mwanga laini wa mapema. Alivaa sari yake nyeupe ya ujane. Nikatia filamu moja ndani ya kamera. Filamu moja ilikuwa na picha sita. Ya pili niliiacha ndani ya debe, haijafunguliwa.

Nikapiga ya kwanza.

"Hari," mama akasema, "mwambie huyu mzee asogee."

Nikatazama. Hapakuwa na mtu. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, kwa hiyo sikujali. "Tulia, mama. Usitikisike."

Nikapiga ya pili, na ya tatu.

"Ananibana, Hari."

"Tulia!"

Nilimkemea. Mama yangu mzazi, nilimkemea kwa ajili ya picha. Nikapiga ya nne, nikapiga ya tano. Sasa alikuwa akitetemeka, na jua lilishaanza kuchoma. "Mwanangu, nasikia baridi..." alisema kwa sauti ndogo kabisa. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Nikapiga ya sita.

Halafu akainuka mwenyewe, bila kushikwa mkono, mwanamke ambaye kwa miaka miwili alikuwa hainuki bila kuinuliwa. Wachukuzi walikuwa wamemletea machela ya kumbeba hadi Malindi. Akaipita. Hakuniwekea mkono kichwani kunibariki. Alisimama kidogo kumtazama Kadii, aliyekuwa akitwanga ng'ambo ya njia, kisha akashika njia kwa hatua ndefu. Wachukuzi wakacheka. Nami nikacheka, nikasema safari imempa nguvu.

Mchana nilijifungia stoo nikaisafisha filamu kwa taa nyekundu. Ilipokauka, kesho yake, nikatoa picha zake kwenye karatasi juani. Zilikuwa kali ajabu. Kila uzi wa nguo ulionekana.

Ya kwanza, mama ameketi, na nyuma yake amesimama mzee wa shuka nyeupe.

Ya pili, mkono wa mzee uko begani kwake.

Ya tatu na ya nne, wameketi wawili kwenye kiti kimoja.

Ya tano, mama ni kama moshi. Mdomo wake uko wazi.

Ya sita...

Ya sita ni mzee peke yake. Amevaa sari ya mama.

Nilikimbia kwa Kadii na picha mkononi. Aliitazama, akaketi chini mavumbini.

"Dzombo," alisema. "Nani alimwambia kuwa nyumba ni tupu?"

Nikanyosha mkono kuichukua picha.

"Nakuuliza, mwanangu. Nani?"

"Mimi."

Alinitazama. Sijawahi kudharauliwa vile na mtu yeyote, na nilistahili. "Alikuwa na nyumba, ukaifanya ghala," akasema. "Ukampa yako, hiyo filamu, akaingia. Ndani yake akamkuta mtu unayemkalisha na kumwambia atulie, akamtoa, akaketi yeye. Sasa nenda."

Nilikwenda Malindi kwa miguu, usiku na mchana, viatu vikanipasukia njiani. Meli ilikuwa imekwisha kuondoka. Wachukuzi walinieleza kuwa bibi alitembea njia nzima, na kwa mgema alisimama akaomba tembo, akanywa. Mama yangu hakuwahi kuonja kileo. Walikuwa wanacheka tena. Niliwatukana, kisha nikaketi ufukweni nikalia.

Baada ya miezi minne nikapata barua ya Kanji. Kaka yangu ni mtu wa maneno machache na akili chache zaidi, na barua yote ni shukrani. Mama amefika salama, anakula vizuri, macho yamefunguka. Ila hataki kulala ndani, na huzungumza lugha ambayo pale nyumbani hakuna aijuaye. Daktari anasema ni uzee. Watoto wanampenda.

Nikarudi kwa Kadii kumsomea. Nilimwamkia kwanza, nikapiga magoti. Nikamuuliza, ikiwa huyo ni Dzombo, mama yangu yuko wapi?

"Hizo filamu, nyumba zako tupu, zilikuwa ngapi?"

"Mbili."

"Na moja imetumika," alisema, akaendelea kupepeta mahindi yake. "Mtu aliyetolewa kwake hukimbilia mlango ulio karibu. Hayo ndiyo nijuayo. Mengine sijui, wala usiniulize."

Jioni hiyo nililiweka debe sikioni.

Kimya...

Halafu, mbali sana, mama akitaja majina ya Mungu wake, moja moja, kama afanyavyo kila machweo.

Sijaifungua filamu ile. Nikiitia kwenye kamera, mwanga utaingia. Nikiisafisha bila kuipiga, itatoka nyeupe, na sijui nitakuwa nimemwosha nani. Kamera yenyewe nimewauzia wale wapiga picha niliokuwa nikiwacheka, nao sasa wananicheka mimi barazani, Mhindi anayebadilisha mchele wa debe kila wiki na kulifunika kwa gunia bichi adhuhuri. Wacheke. Mjinga mkubwa kuliko wote ni mimi, na sihitaji kuambiwa.

Usiku mama hanyamazi tena. Tangu kaskazi ianze ananiita kwa jina, ananiambia kuna joto. Nimechimba shimo, nimeshusha debe kisimani, nimeomba nafasi kibandani na Kadii amenikatalia.

Jana niligeuza kisanduku cha filamu na kusoma maandishi madogo yaliyo chini yake. Wenye kiwanda wameandika mwezi ambao filamu hiyo itakuwa imeharibika, hata ikitunzwa vizuri.

Ni mwezi ujao.