TOBOA HAPA: Kilichokuwa Nyuma ya Wavu wa Nyumba Yangu

Mwanangu alikuwa sakafuni.

Daftari la hesabu limefunguka pembeni yake, penseli bado iko vidoleni. Nikadhani amesinzia!

"We! Amka, utapata baridi hapo."



Nikamgeuza. Shingo ikaanguka upande kama ya mdoli wa kitambaa.

Jamani! Nilimburuta hadi nje kwenye mvua huku nikipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinagonga, na mle ndani nilikaa dakika chache tu!

Na aliyetufanyia hivyo hakutoka mbali. Tumenyonya ziwa moja.

Elimu yangu ni darasa la saba, nikikosea mnisamehe. Ila someni mpaka mwisho. Hasa wewe uliyeiona ile video.

Ile ya mama mwenye kitambaa cha njano kichwani, ameegemea ukuta mweupe, anacheka meno yote nje, anasema, "Nyumba yangu imepoa kama mtungi! Usiogope, jiandikishe!"

Ndiyo. Ni mimi.

Ngoja niwarudishe nyuma.

Mwaka jana watu wa mradi walituita mkutano. Wakasema dunia inazidi kuchemka, na nyumba zetu za bati zinachemka nayo. Feni zinazunguka kutwa nzima, umeme unaliwa bure, na huko unakotengenezwa hewa inachafuka. Kwa hiyo serikali imetenga fungu la kurekebisha nyumba. Dari nene, madirisha ya vioo viwili, milango yenye raba, kila upenyo uzibwe.

Bibi mmoja akanyoosha mkono.

"Mkishaziba kote, sisi tutapumulia wapi?"

Watu tukacheka mpaka viti vikalia! Afisa naye akacheka, lakini akajibu vizuri.

"Bibi, kila nyumba itatobolewa matundu mawili. Kila tundu litawekwa bomba na wavu. Hiyo ni lazima, siyo hiari."

Shikeni hapo.

Mafundi wakachaguliwa, na mdogo wangu akawa mmoja wao. Mtaa unamwita Injinia, ingawa uinjinia wenyewe aliupata kwa kushikilia ngazi za wenzake. Mimi ndiye niliyemwombea hiyo kazi! Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa mara tatu. Mama yetu alipofariki nilimbeba huyu kijana mgongoni, nikaacha kuwaza shule ili yeye aende. Ningemnyimaje?

Nyumba ya kwanza kutengenezwa ikawa yangu.

Nisiseme uongo, ilipendeza. Mwanangu, kitinda mimba wangu, alikuwa na tabia ya kulala chini kwenye saruji mchana ili apate ubaridi. Akaacha. Akawa anakaa mezani anaimba jedwali la saba, saba moja saba, saba mbili kumi na nne, mpaka mwisho bila kukosea. Feni nikaifunika kwa shuka.

Ndipo Injinia akaja na simu.

"Dada, sema kitu nikurekodi."

"Niseme nini na kitambaa hiki cha jikoni?"

"Hicho hicho! Watu wa mradi wanataka kuona furaha. Hebu cheka."

Nikacheka.

"Sogea kushoto kidogo, dada. Wavu uonekane."

Nikasogea. Mjinga mimi... Nikasogea!

Video ikasambaa. Watu wakanisimamisha njiani, "Mama Mtungi, hujambo!" Nami nikaringa. Nyumba kumi na nane zikajiandikisha kwenye safu yetu.

Kisha zikaja mvua.

Miaka yote mvua ikinyesha mimi huingiza jiko la mkaa ndani. Nani asiyefanya hivyo? Nyumba ya zamani ilikuwa na nafasi kati ya bati na ukuta, kiganja kizima kinapita. Hewa mbaya ilijitokea yenyewe.

Siku hiyo mchana niliinjika maharage, nikafunga mlango maji yasiingie, nikamwacha mtoto anaandika. Nikakimbilia dukani kununua chumvi.

Mvua ikazidi. Nikajibanza barazani. Nikapiga soga...

Hiyo soga nitazikwa nayo.

Hospitali wakamwekea hewa ya mtungi. Nesi akanivuta pembeni.

"Mama, kulikuwa na mkaa unawaka ndani?"

"Ndiyo, lakini hapakuwa na moshi. Mkaa ulishakolea, mwekundu kabisa."

"Huo mwekundu ndio unaoua. Hewa yake haina harufu wala rangi. Nyumba yako ina matundu?"

"Yapo mawili! Ya serikali!"



"Nenda kayatazame."

Dada wa mume wangu akakaa na mtoto, nikarudi nyumbani. Nikachomoa kijiti kimoja kwenye ufagio, nikakipitisha kwenye wavu.

Kikaingia kidogo. Tk!

Kimegonga kitu.

Nikasukuma. Kikavunjika.

Nikaleta kisu cha jikoni, nikabandua. Wavu ukatoka mzima mkononi, umebandikwa kwa gundi tu. Hakuna bomba! Hakuna tundu! Nyuma yake ni ukuta wangu ule ule, na rangi yangu ya zamani ya bluu. Katikati pamechorwa duara kwa penseli, na ndani ya duara mpimaji wa mradi ameandika kwa herufi kubwa:

TOBOA HAPA.

Nikaenda kwenye wavu wa pili. Hivyo hivyo. Toboa hapa.

Nilikaa kitandani nikiwa nimeshika zile nyavu mbili kama sahani.

Injinia nilimkuta nyumba ya sita kutoka kwangu, juu ya ngazi, anapiga mluzi.

"Shuka."

"Dada! Mtoto anaendeleaje? Nilitaka kuja jio..."

"Shuka nimesema!"

Alipoziona nyavu mkononi mwangu, mluzi ukafa.

"Dada, ukuta wako ni wa zege. Ile ncha ya kutobolea ilivunjika. Nikasema nitarudi."

"Ukarudi?"

"Zikaja kazi nyingine... Tulikuwa tunaharakishwa, dada. Na wavu ukishabandikwa, kwa macho huwezi kujua."

"Na hizo nyingine?"

Akatazama viatu vyake.

"Nakuuliza! Nyumba nyingine umetoboa?"

"Mbili tatu hivi. Zenye ukuta laini."

Nikaishika ngazi yake.

"Si kuna mkaguzi? Si alitakiwa apite kila nyumba?"

Hapo ndipo aliponimaliza.

"Mkaguzi hakuja, dada. Nilimtumia video yako. Akasema kama mwenye nyumba mwenyewe anacheka hivi na wavu unaonekana, basi fundi huyu kazi yake anaiweza. Akazipitisha zote ofisini."

Mnaelewa? Kicheko changu ndicho kilichokuwa mkaguzi!

Sikumpiga. Nilitaka, lakini wingu lilikuwa limeshafunga, na matone ya kwanza yakaanza kuanguka. Nikaanza kukimbia mlango kwa mlango.

"Zimeni majiko! Fungueni madirisha! Matundu ni ya uongo!"

Wengine walifungua. Wengine walinitazama kama nimechanganyikiwa.

Mama Pacha, ambaye ukuta wake na wangu zinatazamana, alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Nyuma yake niliona jiko linawaka na pacha wake wawili wanacheza mkekani.

"Shoga, pole na ya mtoto. Ila umegombana na mdogo wako, usituharibie sisi."

"Mama Pacha, nakuapia! Pitisha kijiti uone!"

Akatoa simu kwenye mfuko wa gauni. Akabonyeza, akanigeuzia kioo.

Nilikuwa mimi. Kitambaa cha njano. "Usiogope, jiandikishe!"

"Huyu ni nani?" akaniuliza. "Si wewe? Nimwamini yupi sasa, wa jana au wa leo?"

Akafunga mlango. Ule wa raba, unaofunga kimya kabisa.

Nikagonga. Nikagonga tena. Mvua inanipiga mgongoni, ndani nasikia watoto wanacheka. Nikasubiri. Nikaendelea kugonga... Halafu kicheko kikapungua. Akabaki anacheka mmoja. Halafu sikusikia kitu.

Nikaokota jiwe.

Kioo cha kwanza kilipasuka kwa pigo moja. Cha pili, kile cha ndani, kikahitaji matatu. Mama Pacha akatoka kunirukia, akafika kizingitini akashika kichwa, akapiga magoti, akatapika. Nikamruka! Pacha mmoja alikuwa ameketi anasinzia, mwingine amelala kifudifudi. Nikawatoa wote wawili kwenye mvua.

Wako hai. Wote.

Sasa sikieni mwisho wake.

Injinia yuko kazini, amepelekwa mtaa mwingine. Mkaguzi yuko ofisini. Video yangu bado iko kwenye ukurasa wa mradi, nimeomba waitoe hadi nimechoka.

Jumatatu nimeitwa kituo cha polisi. Kosa langu ni kuvunja dirisha la mradi wa serikali.

Katika habari hii yote, aliyeitwa ni mmoja. Mimi!

Mradi wenyewe siukatai, na fedha za serikali si adui. Lakini wewe mama mwenzangu unayesoma, usisubiri mkaguzi. Chukua kijiti cha ufagio leo, kipitishe kwenye wavu. Kikigonga ukuta, piga kelele. Na hata kikipita, mkaa usiingie ndani ya nyumba iliyozibwa, hata mvua inyeshe mawe. Na siku ukiambiwa ucheke mbele ya simu, kwanza tazama nyuma yako kuna nini.

Mwanangu ametoka hospitali. Anatembea, anakula. Jana alikaa mezani akaanza jedwali lake.

Saba moja saba. Saba mbili kumi na nne. Saba tatu ishirini na moja...

Akaniangalia.

"Mama, inayofuata ni ngapi?"