Salmoni wa Kwanza na Ukuta wa Bwawa

Bibi Ardith alifungua kopo la samaki. Akanusa, akasonya.

"Samaki wa kopo! Nimezaliwa kando ya mto, halafu nakula samaki wa dukani. Aibu gani hii?"

Mimi mjukuu wake, Darlene, nikachungulia nje. Mto ulikuwa pale dirishani, wa kijani, unanuka.

Sisi wenyeji wa mto huu, huku kaskazini mwa Kalifornia, salmoni, samaki atokaye baharini kuja kutaga mtoni, yule wa kwanza wa msimu hatumgusi. Tunamwacha apite, apande juu akatage, wenzake wamfuate. Kila mwaka Bibi alimwacha apite. Na kila mwaka samaki yule alikwenda kujigonga kwenye ukuta wa bwawa, akafia hapo. Ukuta wenyewe kampuni ya umeme iliujenga bila hata kutubishia hodi! Sasa mitambo imechakaa, umeme kiduchu, lakini ukuta bado umetukalia kooni. Nani asikasirike?

Kwenye mkutano wa kuamua kama ukuta ubomolewe, bwana mmoja mwenye nyumba kando ya bwawa alisema, "Mkiubomoa, mtaua mto."

Bibi akainuka. "Maiti inauawa mara ngapi, bwana?"

Binamu yangu Leland, mtaalamu wa samaki, akaeleza. "Maji yakituama yanapata joto. Joto linaleta huo ukijani na magonjwa. Salmoni anataka maji baridi yanayotembea, na kokoto za kutagia. Tutapunguza maji polepole, kisha tubomoe."

Mwishowe ukuta ukabomolewa. Mto ukageuka rangi ya chai ya maziwa.

"Si niliwaambia?" yule bwana akapiga kelele.

"Hilo ni tope lililolala humo miaka na miaka," Leland akamjibu. "Mto unajisafisha. Subira, mzee."

Tukapanda nyasi na miti ya asili kwenye kingo tupu, udongo usichukuliwe na maji. Taratibu mto ukatakata.

Msimu wa samaki ulipofika, mimi na Bibi tulisimama pale pale ulipokuwa ukuta. Nikaona mgongo unang'aa majini. Nikanyakua wavu.

"Koma!" Bibi akafoka. "Huyo ni wa kwanza."

"Bibi, miaka yote hii umekula kopo!"

"Na leo nitakula kopo. Mwache apite."

Akapita. Hakugonga kitu. Bibi akalia, akaitukana kampuni mpaka sauti ikamkauka.

Jioni tulikula samaki wa kopo, na Bibi hakusonya. Kesho yake wenzake walikuja, tukatega wavu.