Acha Kapu Lipike

Mafundi wa gereji walimwita Mama Maharage, na jina likamganda. Alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini hata mumewe alikuwa ameanza kulisahau. Kila siku ya kazi, adhuhuri, alifika gereji na sufuria kubwa kichwani. Mafundi walitupa spana chini, wakakaa juu ya matairi, wakala. Maharage yake yalikuwa laini, na mchuzi wake mzito.

Lakini maharage hayaivi kwa maneno matupu. Yanataka moto, na moto unataka mtu wa kuukalia. Asubuhi Mama Maharage alikwenda sokoni kutafuta vitunguu na nyanya. Mumewe alikuwa mpakiaji mizigo, naye alitoka jua halijachomoza. Aliyebaki na jiko la mkaa ni binti yao mkubwa. Alichochea, akapepea, akaongeza maji, akakohoa. Mama akirudi ndipo binti alipovaa sare na kutoka mbio kwenda shule.

Siku moja mwalimu wa darasa alimwita mama. Hakugomba. Heri angegomba.

"Mama, mtoto huyu ana akili," mwalimu alisema. "Lakini mwaka huu ana mtihani, na hesabu tunafundisha asubuhi. Yeye akifika, ubao umeshafutwa. Akiendelea hivi atafeli, na hatafeli kwa ujinga."

"Nimesikia, mwalimu," alisema mama.

Alirudi nyumbani roho ikimuuma. Akiacha maharage, watoto watakula nini? Akiendelea na maharage, binti atasoma lini? Aliwaza mpaka kichwa kikamuuma, asipate jibu.

Jibu lilitoka redioni. Au ndivyo alivyodhani.

Kila Jumamosi jioni mtaa mzima ulisikiliza mchezo wa redio. Mhusika mkuu alikuwa mama mmoja aitwaye Shangazi, mwenye mdomo mkali na moyo mwema. Shangazi hakupenda kitu kipotee bure. Akikuta taa inawaka chumba kitupu, aliuliza kama samani zinasoma gazeti. Akikuta shemeji yake amesimama mbele ya friji iliyo wazi, alimuuliza kama anaota baridi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakishacheka, waliinuka wakazima taa zao.

Jumamosi hiyo Shangazi alipika kwa kapu. Alichemsha chakula jikoni, akaiepua sufuria, akaitia ndani ya kapu lililojazwa matambara, akalifunika.

"Haya moto, nenda kapumzike," alisema Shangazi. "Kapu litamaliza kazi."

Mama Maharage aliruka kitini. "Baba watoto, umesikia?"

"Nimesikia," alisema mumewe. "Redio imeanza kupika. Wiki ijayo itafua nguo."

Hata hivyo, kesho yake mume huyohuyo alirudi na kapu kubwa alilookota bohari. Aliliweka tu mlangoni, akajifanya anatafuta viatu vyake. Mama alilijaza blanketi kuukuu na nguo zisizovalika, akashona na mto mnene wa kufunikia juu.

Jumatatu alfajiri alichemsha maharage, akaitia sufuria kapuni. Kisha akamwambia binti yake, "Vaa sare, mwanangu. Leo nenda na wenzako."

Binti alimtazama kama aliyesikia vibaya. "Na moto?"

"Moto umeenda kupumzika."

Habari zilienea upesi. Jirani wa kwanza alikuja kuona kapu linalopika. Mama Maharage alifunua, mvuke ukatoka, wote wawili wakanusa na kusifu. Akaja jirani wa pili na wifi yake. Akafunua tena. Akaja muuza maziwa. Akafunua. Hata mama wa nyumba ya pili, aliyekuwa amenuniana naye tangu mwaka jana, alijifanya anapita tu, na kwa ajili yake kapu lilifunuliwa mara mbili.

Adhuhuri mafundi walikaa kwenye matairi yao. Wakatia vijiko mdomoni.

"Mama," alisema fundi mkuu, akitoa punje moja mdomoni na kuitazama, "haya ni maharage au umetupikia nati?"

Walicheka, lakini sahani walizirudisha zikiwa zimejaa. Fundi mkuu alimsogeza kando. Alimheshimu, na hakutaka kumwaibisha mbele ya vijana.

"Siku moja tutavumilia," alisema. "Lakini watu hawa wanainua injini. Ikitokea tena, watatafuta pengine pa kula. Mimi sitaweza kuwazuia."

Jumanne asubuhi, binti alikuwa mbele ya jiko, anapepea. Hakulalamika wala hakuuliza. Hilo ndilo lililomchoma mama kuliko nati za fundi mkuu.

Mwigizaji aliyeigiza Shangazi hakuishi mbali. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka la dawa. Jioni Mama Maharage alikwenda huko na bakuli la maharage magumu, akiwa na hasira zake zote tayari. Alitarajia kukutana na mdomo ule wa redioni. Akakuta mwanamke mpole wa sauti ndogo, amevaa kanga, anapalilia maua.

"Wewe ndiye Shangazi?"

"Ndivyo wanavyoniita. Karibu, dada."

"Sijaja kukaa. Onja."

Mwigizaji alionja. Alitafuna kwa muda. "Pole," alisema. "Haya hayajaiva."

"Nimefanya kama ulivyosema! Wateja wangu wananicheka. Mtoto wangu amerudi kwenye moshi. Kapu lako ni porojo."

"Siyo porojo, dada. Hata mimi hupika kwa kapu. Twende jikoni."

Jikoni kulikuwa na kapu kweli, limebanwa pembeni. Mwigizaji hakuligusa. Alimkalisha mgeni kwenye kigoda.

"Nieleze. Uliyaloweka maharage?"

"Tangu jana yake. Mimi si mgeni wa maharage."

"Uliyachemsha vizuri kabla ya kuyatia kapuni?"

"Yalitokota robo saa nzima, kwa moto mkali."

"Hapo umefanya sawa. Maharage yasipotokota vizuri kwanza, yanaweza kuumiza tumbo. Sufuria ilijaa?"

"Karibu na ukingo."

"Vizuri. Sufuria yenye nafasi kubwa hupoa haraka. Na mfuniko ulikaza?"

"Ulikaza."

Mwigizaji alikunja uso. "Sasa nini kilitokea? Ulifunua?"

"Nilifunua, ndiyo. Si unafunua wewe?"

"Mimi?"

"Wewe! Akiingia shemeji unafunua, unasema, 'Nusa harufu hiyo!' Akiingia jirani unafunua. Hata mfuniko tunausikia, *kang'!* Mimi nimepata wageni wengi kuliko wewe, nikafunua zaidi."

Mwigizaji aliangua kicheko. Kisha kicheko kikamkauka. Akakaa chini, bakuli la maharage magumu likiwa magotini.

"Dada, nisamehe," alisema. "Redio haina macho. Nikikaa kimya, msikilizaji hajui kama niko jikoni au sokoni. Kwa hiyo mtu wa sauti anagonga mfuniko, ili ujue sufuria ipo. Mfuniko ule ni mtupu. Hakuna chakula pale. Hatukufikiri kwamba mtu atafunua pamoja nasi."

"Kwa hiyo kosa langu ni kufunua?"

"Kosa ni letu. Sikiliza, joto ni kama maji ndani ya mtungi. Moto ndio unaojaza mtungi. Kapu halitengenezi joto, kazi yake ni kulizuia lisitoke. Ukifunua mara moja, umemwaga. Ukifunua kwa kila mgeni, unabaki na mtungi mtupu. Kwenye jiko la kawaida hujali, kwa sababu moto unaongeza. Kapuni hakuna wa kuongeza."

Maneno yalikuwa mepesi, na yalimwingia Mama Maharage.

"Yafunge, uyaache mpaka karibu na muda wa kula," aliendelea mwigizaji. "Ndipo ufunue, uonje, uyarudishe motoni kidogo na viungo vyako mpaka yatokote tena. Chakula kiliwe cha moto, kisiachwe kapuni kikapoa. Na maji tia kidogo kuliko ulivyozoea, maana mvuke hautoki."

"Na nikitaka kujua kama yanaiva?"

"Huwezi kujua. Hapo ndipo kazi ilipo. Mikono yetu imezoea kufunua."

Keshoye Mama Maharage alijaribu kwanza kwa chakula cha jioni cha nyumbani, sufuria ndogo tu. Kukaa mbali na kapu kulimtesa. Alifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Alipopita karibu, mkono ulijinyoosha wenyewe, akaurudisha. Mwishowe mumewe akakaa chini, akaliegemea kapu, akasema ana mgongo unaouma na joto linamsaidia. Jioni walifunua. Maharage yalipasuka kwa kubonyezwa na ulimi. Wakala wote, na hakuna aliyetania, ila sufuria ya gereji hakuthubutu kuitia kapuni wiki hiyo.

Alirudi nyuma ya duka la dawa kutoa shukrani. Lakini alikuwa na neno jingine.

"Mimi nimekufikia kwa sababu tunakaa karibu," alisema. "Wangapi wamekusikia wakafunua kama mimi? Wamelitupa kapu, wamerudi kwenye mkaa, na wanasema Shangazi ni mwongo. Hao utawafikiaje?"

Mwigizaji alikwenda studio na swali hilo. Mtayarishaji wa mchezo alikuna kichwa. Chombo kinachopika kimyakimya, kwenye redio? Wasikilizaji wangedhani betri zimekwisha. Walibishana asubuhi nzima, na mwishowe waliandika mchezo mwingine.

Jumamosi mtaa ulikaa kusikiliza. Shemeji aliingia jikoni kwa kunyatia. Kukasikika kofi la mkono.

"Toa mkono!" Shangazi alifoka.

"Nilitaka kunusa tu, Shangazi."

"Na hao wote walionusa wiki ile? Sikilizeni, ndugu zangu. Nilifunua kapu hapa mbele yenu, na nilikosea. Kuna dada mmoja alinifuata, maharage yake yakawa magumu, akaja kuniambia ukweli. Yeye hakukosea. Nilikosea mimi. Chemsha vizuri, funika, halafu liache kapu. Usifunue kwa mgeni, usifunue kwa mama mkwe, usifunue hata kwangu mimi nikija!"

Mtaa ulicheka. Mama Maharage alicheka pia. Hakuwahi kusikia mtu wa redioni akiomba radhi.

Jumatatu alfajiri alichemsha sufuria kubwa ya gereji. Akaifunika, akaitia kapuni, akabana mto juu yake. Binti alivaa sare bila kuuliza. Mama alimwangalia akitoka na wenzake, begi mgongoni, hakimbii. Kisha naye akafunga mlango kwa ufunguo na kwenda sokoni. Majirani waliokuja kutazama walilikuta kufuli.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye kapu. Akikosea leo, hakuna gereji tena. Alifunua. Akabonyeza punje moja kwa vidole, ikalainika yote. Alikaanga vitunguu na nyanya, akavichanganya na maharage, akaacha yatokote kidogo, akajitwika sufuria.

Fundi mkuu alichukua punje moja tu kwanza. Wenzake walimtazama mdomo. Alitafuna, akameza, kisha akanyoosha sahani. Wengine wakagombania mwiko.

Walipoanza kurudia, fundi mkuu alitazama huku na huku.

"Mama, yule binti yako yuko wapi? Saa za asubuhi huwa tunamwona akipita hapa mbio, viatu mkononi. Leo hatukumwona. Anaumwa?"

"Haumwi," alisema Mama Maharage. "Alipita mapema, nyie hamjafungua. Yuko darasani."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida. Kisha ilimbidi ageuke, afute macho kwa ncha ya kanga, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia.