Aliyesimama Karibu na Pete

Jioni ile nilitoka hospitali na maagizo mawili ya dada yangu. Agizo la kwanza, nilete shuka safi na chupa ya maji moto. La pili, alinishika mkono kabisa kabla ya kulisema.

"Mpate kaka leo. Leo, si kesho. Mama anamtaja tangu mchana."

"Nitampata," nikasema, kama vile kaka anakaa nyumba ya tatu.

Kaka yetu, mzaliwa wa kwanza, hupima mvua na upepo kwenye kituo kilicho juu ya mlima, mahali ambapo simu haishiki. Lori la chakula humfikia mara moja kwa wiki. Kilichotuunganisha ni redio. Mimi ni fundi wa friji, lakini redio ya mawasiliano ndiyo ugonjwa wangu, na leseni yake nimeibandika ukutani. Kila siku saa moja jioni kaka alikaa kwenye redio yake, nami kwenye yangu, tukajuliana hali.

Mpaka mwenye nyumba alipokata waya wangu.

Ulikuwa waya wa mita ishirini juu ya paa, haujamdhuru mtu wala kuku. Akasema unaita radi. Nikamweleza, nikamchorea hata picha. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha akaenda kuchukua mkasi.

Ndipo nikaamua kutengeneza antena ya pete, ile ndogo inayokaa chumbani. Unachukua bomba la shaba la friji, mita tatu, unalikunja duara na kuacha mwanya juu. Kwenye mwanya unafunga kondensa ya redio ya zamani, ile ya kuzungusha kutafuta stesheni. Chini unaweka pete nyingine ndogo, inayopokea waya wa redio. Ukizungusha kondensa polepole, mvumo kwenye spika unapanda ghafla, na hapo pete imeshika masafa. Ukipitiliza kidogo tu, umepotea.

Tena pete hii ina wivu. Mwili wa mtu ukiisogelea, masafa yanahama. Kwa hiyo nilifunga mpini wa ufagio kwenye kondensa, niizungushe nikiwa mbali, kwenye kiti.

Wiki mbili nzima ilikuwa imenitesa, lakini jana yake, saa ya kaka ikiwa imeshapita, ilishika vizuri. Kwa hiyo nilipokaa, saa kumi na mbili na nusu, nilikuwa na matumaini. Simu niliiacha jikoni kwa sababu hupiga kelele kwenye spika. Nikashika mpini. Mvumo ukapanda. Nikatulia.

Mvumo ukazama.

Nikazungusha tena. Ukapanda, ukakaa kidogo... ukazama. Nikarudia mara tano. Nikainuka kukagua lehemu, nikaipasha upya, nikaunguza kidole. Nikarudi kwenye kiti, nikashika. Ukazama. Wanasema haraka haraka haina baraka, lakini mtu ambaye mama yake anapumulia mashine hana muda wa methali. Niliipiga meza teke, meza ikanirudishia maumivu, nikaitukana na yenyewe.

Saa moja kasoro kumi.

Hapo nikaanza kusikiliza kama fundi badala ya kusikiliza kama mwehu. Mvumo haukuwa unakatika, kama waya uliolegea. Ulikuwa unazama taratibu, ukirudi taratibu. Nikainuka, nikaisogelea pete hatua kwa hatua. Ukazama vilevile. Nikarudi nyuma. Ukarudi vilevile.

Nikakaa. Mikono nimeiweka magotini. Sikugusa kitu.

Mvumo ukazama.

Kulikuwa na mtu amesimama karibu na pete.

Chumba kilikuwa kitupu. Taa inawaka, mlango umefungwa, pazia limetulia. Nywele zikanisimama. Halafu nikasikia harufu ya dawa ya kuchua viungo, hafifu, ikipita juu ya moshi wa lehemu. Na mtu akapumua. Pumzi ndefu, ya kuchoka.

Ningekuwa na akili ningekimbia. Lakini saa ilikuwa moja kasoro mbili, na hasira ya wiki mbili ikapanda mpaka utosini.

"Wewe uliyesimama hapo!" nikapaza sauti. "Kama ni jini, kama ni uchawi wa mtu, sikujali! Nina kazi! Toka kwangu! Toka, na usirudi tena!"

Kandambili zikaburuzwa sakafuni. Shwa... shwa... shwa... kuelekea mlangoni. Mlango haukufunguka.

Mvumo ukapanda, ukakaa.

Nikamwita kaka. Alijibu mara moja.

"Nakusikia, mdogo wangu! Sauti safi, kama uko chumba cha pili. Ulipotelea wapi?"

"Kaka, sikiliza. Mama yuko hospitali, hali yake si nzuri. Anakutaja. Teremka kwa namna yoyote."

Nikasikia kiti chake kikilia, kama amegeuka.

"Hospitali gani?" akauliza. Sasa alikuwa ananong'ona. "Mama yuko hapa."

"Nini?"

"Ameingia sasa hivi. Sijui kapanda na gari gani, na leo si siku ya lori. Amekaa kitandani kwangu. Analia. Anasema umemfukuza."

Nikaachia kitufe cha kipaza sauti. Na katika kimya kile nikasikia simu ikitetemeka juu ya meza ya jikoni. Nikaikimbilia. Dada alikuwa amepiga mara saba.

"Unafanya nini usishike simu?" Alikuwa analia. "Mama ametuacha. Saa kumi na mbili na nusu. Nimekupigia, nimekupigia..."

Niliporudi, kaka alikuwa anaongea.

"...ananiambia nivae koti nimsindikize. Anasema njia ni ndefu, peke yake anaogopa. Ngoja nimtoe kidogo, nitarudi."

"Kaka, usitoke! Mama amefariki! Kaka! Usimfuate!"

Nikaachia kitufe, nikasikiliza. Mvumo mtupu. Pete ilikuwa imeshika barabara, kuliko siku zote. Kosa halikuwa kwenye antena tena. Kiti cha kaka kilikuwa hakina mtu.

Nikaita mpaka sauti ikakwama. Mwisho nikaweka kipaza sauti chini, nikapiga magoti mbele ya bomba la friji, mtu mzima na leseni yangu ukutani.

"Mama," nikasema. "Nisamehe. Sikujua ni wewe. Rudi. Mwache kaka, rudi usimame hapa."

Nikangoja. Sijui ni dakika ngapi.

Kisha mvumo... taratibu... ukazama.

Kaka alifika siku ya tatu na lori, tukamzika mama pamoja. Watu walipotawanyika akanivuta pembeni, nyuma ya ukuta.

"Nilikuwa nimeshatoka nje," akasema. "Ukungu mzito. Mama ametangulia, na mimi nafuata tu, wala sioni ninapokanyaga. Halafu akasimama, akasema, 'Mdogo wako ananiita. Hasira zake zimeisha.' Akageuka. Sikumwona tena. Kumulika mbele yangu, korongo, hatua mbili."

Akanitazama usoni.

"Alifika kwako?"

"Alifika."

"Akaondoka saa ngapi?"

Nikainama kukung'uta udongo kwenye viatu.

Kaka amerudi mlimani. Kila siku saa moja najua anakaa, anaita, hasikii mtu. Kwangu pete haishiki. Mafundi wenzangu wawili waliichukua wakaipima kwao, ikashika tangu mara ya kwanza. Mmoja aliirudisha mwenyewe, akaifunga chumbani kwangu, akahangaika nayo jioni nzima. Mwisho akauliza, kwa utani, kama nina mgeni.

Dawa yake naijua. Ni kusema toka, kwa upole safari hii, nimpe mama ruhusa aende zake. Kila jioni nakaa kwenye kiti, nafungua mdomo, harufu ile ya dawa ya mama ya kuchua inanifikia, na nafunga mdomo. Kumfukuza mara moja nilimfukuza kwa kutojua.

Mara ya pili nitakuwa najua.