Bandeji Juu ya Bandeji

Kila jioni akitoka shule, Kagure alivua sare, akawakatia ng'ombe nyasi, kisha akateleka maji ya kuosha kidonda cha mguuni cha Guka, babu yake. Kazi hiyo aliachiwa na dadake Ngendo, aliyekuwa mwaka wa tatu chuoni Nairobi akisomea udaktari. Kabla ya kurudi masomoni, Ngendo alimwonyesha namna ya kunawa mikono, kufungua bandeji ya zamani, kuosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na kukifunga upya kwa kitambaa safi.

"Guka ana kisukari," alimwambia. "Mguu wake umekufa ganzi, na macho yake ni hafifu. Ni wewe utakayeona."

Kagure alikubali kwa majivuno. Majirani wote pale Wamagana walikwisha kusikia kwamba yeye pia atakuwa daktari.

Siku ya kwanza peke yake, bandeji ilipobanduka, usaha wa manjano ulivutika kama ute wa bamia. Harufu ilimwingia puani ikakataa kutoka. Hata githeri ya jioni aliiona inanuka mguu wa Guka, akaisukuma sahani kando. Kesho yake alifanya kazi akiwa amefumba jicho moja. Siku iliyofuata akapata ujanja: akazungusha bandeji mpya juu ya ile ya zamani, na maji akayamwaga kwenye migomba.

"Mikono yako ni myepesi, daktari," Guka alimsifu. "Sijasikia kitu."

"Ni mazoezi tu, Guka."

Tangu hapo ikawa hivyo kila jioni, hadi mguu wa Guka ukakataa kuingia kwenye gambuti.

Kisha nyumba ikaanza kunuka. Mama alisema ni panya aliyefia ndani. Walitoa magunia ya viazi nje, wakainua vitanda, wakachungulia darini. Kagure naye alishika tochi, akamtafuta panya aliyejua kabisa kwamba hayupo.

"Huyu lazima awe na ukubwa wa mbuzi," Mama alinung'unika, akiwafukuza nzi wa kijani.

Jumamosi Ngendo alikuja nyumbani. Alifika mlangoni, akanusa, akaweka mkoba chini. Mama alipoanza kumweleza habari za panya, yeye alikwisha kupiga magoti mbele ya kiti cha Guka.

"Mama, harufu inatoka hapa."

Mama alimgeukia Guka. "Baba, nilikukataza kuingia zizini. Ati unakwenda kuona ndama! Umekanyaga mbolea ukanyamaza, sasa huo mguu utakatwa."

"Pengine nilikanyaga," Guka alisema taratibu. "Mguu wenyewe hauniambii. Mtoto amenifunga vizuri kila siku. Kosa ni langu."

Kagure aliitazama sakafu. Angenyamaza tu, lawama ingebaki kwa Guka. Lakini Ngendo alikuwa tayari ameshika ncha ya bandeji, na mzee alikuwa amekubali kosa lisilo lake.

"Si Guka," Kagure alisema. "Ni mimi. Sikuwa naifungua. Nilikuwa nafunga juu tu. Niliona kinyaa."

Ngendo alimpa beseni. "Shika hapa."

Bandeji ya juu ilikuwa nyeupe. Iliyofuata ilikuwa na madoa ya manjano, na nyingine ilikuwa ngumu kama ngozi kavu. Ya mwisho ilishikana na nyama. Ngendo alipoilowesha na kuibandua, mabuu meupe yalidondoka kwenye beseni yakijipinda kama punje za wali zilizopata uhai. Kagure aliliweka beseni chini, akatapika mlangoni, akajifuta mdomo, akarudi kulishika.

"Mimi ni mwanafunzi tu, hili silitibu," Ngendo alisema. "Mama, mwite jirani mwenye pikapu. Tunaenda hospitali sasa hivi."

Hospitalini mjini Nyeri, Guka alipasuliwa. Nyama iliyooza iliondolewa pamoja na kidole kidogo. Daktari alisema wangechelewa zaidi, angekata mguu hadi gotini.

Kagure alikaa na dadake kwenye benchi nje ya wodi.

"Basi siwezi kuwa daktari," alisema.

"Kwa sababu ya kinyaa? Mwaka wa kwanza, tulipoanza kujifunza kwa maiti, sikula nyama muhula mzima. Hata leo pale nyumbani nilitaka kutapika."

"Mbona hukutapika?"

"Nilipumua kwa mdomo. Kinyaa utakizoea, Kagure. Lakini ulimwacha mtu akuamini huku ukijua unamdanganya, na hilo usilizoee kamwe. Ungesema umeshindwa, tungetafuta mtu mwingine, na Guka angekuwa na vidole vyake vyote. Anayesema 'siwezi' mapema huokoa mgonjwa. Anayejifanya ameweza humwua polepole."

Guka aliporudi nyumbani, Kagure aliomba kazi ile tena. Mama aliketi karibu akimtazama. Kagure alifungua bandeji yote mpaka mwisho, uso umemkunjamana.

"Inanuka?" Guka aliuliza.

"Inanuka, Guka. Kidogo."

"Vizuri," mzee alisema, akaegemea kiti chake. "Uwe unaniambia."